Ujima wa Kubofya

Kila Jumamosi, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, basi la Slovenia husimama mbele ya duka la kijiji cha Suvi Laz na kuondoka na mwanamume mmoja. Wiki nyingine huondoka na wawili. Wengi hurudi wakati wa mazishi tu, wakiwa na koti jipya na haraka. Ukipanda barabara ya juu utahesabu nyumba kumi na moja zinazoendeshwa na wanawake peke yao, na msimu ule wa vuli watu walikuwa wameshaihesabu ya Velizar kuwa ya kumi na mbili.

Velizar alikuwa fundi wa kuchomea vyuma. Kiwanda chake kilifungwa Machi, na wakala wa Slovenia alikuwa ameshamwandikia nafasi: euro elfu moja na mia tatu kwa mwezi, kulala wanne chumba kimoja. Mkewe Nevenka alimzuia kwa mkataba wa maneno. Mwezi wa Mei, mezani, mama mkwe akiwa shahidi, walikubaliana hivi: tovuti ya Nevenka ikiingiza euro mia tatu katika mwezi mmoja, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, tarehe nane Novemba, Velizar anabaki. Isipoingiza, anapanda basi. Sikukuu hiyo tangu zamani ndiyo siku ya vibarua kupewa ujira wao na kubadilisha mabwana, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu.

Tovuti iliitwa Ghala la Nevenka. Ilifundisha mambo ambayo kila mwanamke wa Suvi Laz anayajua na wanawake wa mjini wameyasahau: kuchoma pilipili hoho nyekundu na kuzisaga ziwe ajvar, rojo ya kuwekwa chupani, kulaza kabichi kwenye pipa la chumvi, kupika jamu ya plamu bila kuiunguza. Pembeni ya maandishi, kampuni moja iliyo mbali sana iliweka matangazo ya watu: chupa, sufuria, mbegu, dawa za magoti. Msomaji akibofya tangazo, mwenye tangazo alikatwa senti kadhaa, kampuni ikachukua fungu lake, na Nevenka akapata kilichobaki.

"Senti tatu," Velizar alipenda kusema. "Mtu mwenye senti tatu za kukupa si azilete tu hapa nyumbani?"

Jumamosi ya tarehe kumi na nane Oktoba walikuwa wanakula supu ya maharage.

"Imefika ngapi?" Velizar aliuliza, macho yake kwenye sahani.

"Mia moja sabini na moja."

"Na leo tarehe ngapi?"

"Unaijua tarehe."

"Nauliza tu. Labda huko mtandaoni mna tarehe nyingine."

Nevenka alikata mkate vipande vitatu na kimoja akakikata kwa hasira kubwa kuliko kilivyostahili. Bibi Stojanka, mama yake Velizar, alikuwa amekaa karibu na jiko akimenya kitunguu saumu. Alikuwa na miaka sabini na sita. Mume wake mwenyewe alikwenda Ujerumani kwa msimu mmoja, akarudi baada ya miaka kumi na tisa na gari, redio na maumivu ya mgongo.

"Mkamwana," alisema, "hebu nieleze tena. Hiyo pesa inatoka wakati gani?"

"Mtu akibofya tangazo, mama."

"Mtu yeyote?"

"Mtu yeyote."

"Na akishabofya, ni lazima anunue?"

"Hapana. Akibofya tu, inatosha."

"Sasa kwa kazi ndogo kama hiyo ndiyo mtu apelekwe Slovenia?" alisema bibi, akaendelea kumenya.

Sheria za kampuni zilikuwa kurasa kumi na nne. Nevenka alikuwa amezisoma zote, hata za mwisho zilizoandikwa kwa herufi za kuumiza macho, na kwa sababu ya uchovu hakumweleza mama mkwe wake hata moja.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa nyumba ya dada yake Nevenka, huko Vranje. Sikukuu kama hiyo hukosi labda uwe umekufa. Nevenka na Velizar waliondoka na gari asubuhi na mapema, keki ikiwa magotini. Bibi Stojanka alisema magoti yanamsumbua, atabaki.

Gari lilipopotelea kwenye kona, alivaa viatu vya mpira akaenda kumgongea Gradimir.

Suvi Laz wana desturi wanayoiita moba, ambayo ni ujima tu. Mtu akiwa na plamu nyingi kuliko mikono yake, anawaita majirani. Wanakuja, wanafanya kazi siku nzima bila kudai hata dinari, na mwenye kazi anawalisha hadi washindwe kusimama. Kuna masharti mawili. La kwanza, hakuna anayeitwa akakataa. La pili, ujima hurudishwa: leo kwangu, kesho kwako. Gradimir, postamasta mstaafu, ndiye aliyekuwa akiongoza ujima wa kijiji tangu enzi za kuvuna kwa mundu, yule anayetangulia kwenye mstari ili wengine wamfuate mwendo.

"Ujima wa nini, Stojanka?" aliuliza. "Plamu zimekwisha, mahindi yameingia."

"Wa kubofya."

Akamweleza. Gradimir alisikiliza kama mtu anayepokea telegramu.

"Kwa hiyo vidole tu?"

"Vidole tu. Na njaa."

Saa nne asubuhi walikuwa watu thelathini na mmoja uani, kwenye meza ndefu za harusi, kila mmoja na simu. Wasiokuwa na simu walipewa za wajukuu. Padri alipitia baada ya ibada, akabofya akiwa amesimama maana alikuwa na ubatizo. Kulikuwa na mkate wa jibini, maharage ya kuoka, kabichi yenye nyama ya nguruwe, na rakija ya Bibi Stojanka, pombe kali ya plamu ambayo humfanya mtu amsifu adui yake.

"Wote mmeliona tangazo la chupa?" Gradimir alipaza sauti kutoka kichwani mwa meza. "Haya! Bofya! Rudi nyuma. Sasa la magoti. Bofya! Radunka, wewe unafanya nini?"

"Nasoma," alisema Radunka, mwenye duka. "Wanasema dawa hii inaondoa uvimbe."

"Hatukuja kusoma! Bofya, rudi!"

"Mimi yangu imeandika kitu kwa Kijerumani."

"Bofya hivyohivyo. Pesa ya Kijerumani ndiyo nzuri."

Kulikuwa na nyimbo. Mzee mmoja mwenye mtoto wa jicho alibofya mara mia mbili na kumi bila kujua anabofya nini, na kidole kilipovimba akakichovya kwenye rakija akaendelea. Bibi Stojanka alizunguka na sinia, akiwatazama jinsi walivyoinama wote pamoja na kuinuka wote pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu Machi alijisikia mtu mwenye nguvu.

Saa kumi jioni gari lilirudi. Nevenka alishuka, akaona meza, akaona simu.

"Mama," alisema polepole, "hawa wanafanya nini?"

"Wamemaliza, mwanangu!" Bibi alimkumbatia, mikono ikinuka kitunguu. "Nenda kaangalie! Nenda!"

Nevenka aliingia ndani akafungua kompyuta. Asubuhi ilikuwa mia moja sabini na nne. Sasa ilikuwa mia tatu na tisa. Alikaa kwenye kiti na koti lake mwilini. Nje, Gradimir alikuwa ameanzisha wimbo mwingine, na Velizar alikuwa amesimama mlangoni, uso umemwiva.

"Imefika?" aliuliza.

"Imepita," alisema Nevenka, akaanza kulia.

Velizar alidhani ni furaha, akaenda kunywa.

Barua ya kampuni ilikuja Jumanne. Ilikuwa na sentensi tano. Ilisema mibofyo isiyo halali imegunduliwa, akaunti imefungwa, fedha za mwezi hazitalipwa na watangazaji watarudishiwa zao, asante kwa ushirikiano.

"Ushirikiano gani tena?" alisema Bibi Stojanka. "Si ndio huo uliofanya watufungie?"

Nevenka aliwaeleza sasa, mezani, yale aliyopaswa kueleza siku zote: kwamba anayebofya ni lazima awe mgeni mwenye haja ya kitu, kwamba wenye nyumba, ndugu na majirani wamekatazwa, na kwamba kampuni huona kila kitu, saa na mahali.

"Hata wenye nyumba?" aliuliza Velizar.

"Wenye nyumba kabla ya wote."

Velizar aliweka kijiko chini. Alitoka kwenda kupasua kuni, ingawa za kutosha zilikuwa zimepasuliwa.

Bibi Stojanka hakula siku hiyo. "Nimemfukuza mwanangu kwa mkono wangu," alisema, na hakuna aliyempinga, jambo ambalo lilimuuma kuliko kama wangemwambia ndiyo.

Kulikuwa na fomu ya rufaa. Fomu iliuliza: unawafahamu waliobofya? Nevenka alikuwa mtu mkweli, aliandika: Ndiyo, wote, mmoja ni padri. Fomu iliuliza: utachukua hatua gani ili jambo hili lisijirudie? Aliandika kwamba amezungumza na mama mkwe wake. Jibu lilikuja baada ya dakika nne, nalo lilikuwa hapana.

Dukani ilikuwa mbaya zaidi. Alikwenda kununua unga, Radunka akampimia bila kusema lolote, kisha akasema.

"Kwa hiyo hela mmeshapokea?"

"Hatujapokea. Wamefunga."

"Aa." Radunka alifunga mfuko kwa uzi. "Maana watu wanauliza. Mimi sisemi kitu. Ila mzee wa watu bado kidole hakikunji."

"Radunka, nakuapia hatujaona hata senti."

"Nakuamini, jirani. Mimi nakuamini," alisema Radunka, kwa sauti ya mtu anayezungumza kwa niaba ya wasioamini. Wawili wao walikuwa nyuma kwenye foleni, wakitazama biskuti.

Nevenka alirudi na unga. Kwenye benchi uani alikuta begi jipya la safari, la bluu, bado lina karatasi ya bei.

"Lilikuwa na punguzo," alisema Velizar.

"Zuri," alisema Nevenka. "Zipu yake nzuri."

Katika ndoa yao ya miaka ishirini na mbili hawakuwahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Yeye alidhani mumewe anatamani kuondoka, amechoshwa na nyumba ya wanawake na supu. Velizar alidhani mkewe ameshazizoea euro elfu moja na mia tatu kichwani mwake.

Alhamisi ya wiki iliyofuata gari dogo la mizigo lilipanda barabara ya juu, likasimama kila lango, mwishowe likasimama kwao. Alishuka mwanamume mnene wa miaka hamsini hivi, amevaa fulana ya sufu yenye kiraka kiwikoni, karatasi kwapani zikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Bibi Stojanka alikuwa uani akiosha pipa la kabichi.

"Mama, samahani. Hapa ndipo wanapobofya?"

Bibi alijikausha mikono. "Walikuwa wanabofya. Tumekatazwa. Wewe nani?"

"Mimi Tihomir. Wa chupa."

"Chupa zipi?"

"Zile mlizobofya!" alisema yule mtu, na sauti ikampasuka. "Chupa za nusu lita, za lita moja, vifuniko vyekundu na vyeupe! Mama, siku zote wanaotazama huwa kumi, kumi na tano. Jumapili ile natazama, mia nne! Mia nne na kumi na mbili wametazama chupa zangu! Nikamwambia mke wangu chinja bata. Nimekaa dukani na nguo ya kanisani nikisubiri simu ilie. Hakuna aliyenunua hata kifuniko!"

"Hatukuwa na haja ya chupa," alisema bibi kwa unyoofu. "Tunazo nyingi."

Nevenka alitoka ndani, akamkaribisha, akamwomba msamaha mara tatu kabla hajafika mezani. Kahawa iliwekwa, rakija ikawekwa. Tihomir alikunywa kwanza ndipo akatandaza karatasi zake, orodha ya kila simu iliyofungua tovuti yake, saa na mahali. Hasira zake zilikuwa za mtu asiyezizoea, zilikuwa zinamshuka zenyewe.

"Hela watanirudishia, wamesema. Lakini nilikuwa nimeweka kiasi cha kulipia tangazo kwa kila siku. Jumapili hiyo kiasi kikaisha kabla ya saa tano, tangazo likazimwa. Wanawake wa mjini wameamka wanachoma pilipili, wanatafuta chupa, mimi sipo! Wakanunua kwa mwingine. Jumapili ya katikati ya Oktoba, mama. Kampuni itanirudishia hela, Oktoba itanirudishia nani?"

Bibi Stojanka aliinamisha kichwa. Mpaka hapo alikuwa anaamini pesa ile inatoka kwenye kampuni, kubwa kama serikali, isiyohisi. Hakujua kwamba mwisho wa uzi kulikuwa na mtu mwenye kiraka kwenye kiwiko.

"Tumeingia shambani mwa mtu," alisema. "Tumekanyaga."

"Mmekanyaga," alisema Tihomir, na akakubali kipande cha mkate wa jibini. "Mwenye akili alikuwa mmoja tu. Huyu hapa." Aliweka kidole juu ya karatasi. "Huyu si wa Jumapili. Huyu ameanza tarehe sita Mei. Simu ileile, kutoka huku huku kwenu. Mara moja kwa siku, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Anafungua chupa za nusu lita, anatazama, anaondoka. Kesho yake tena. Nilidhani ni mwenye hoteli anasubiri bei ishuke. Mke wangu alimpa jina, Mteja wa Alfajiri. 'Tiho, huyo usimguse,' ananiambia, 'huyo siku moja atachukua lori zima.' Mwezi wa Julai alipotea siku mbili, mke wangu akasikitika, akasema mzee wa watu amekufa. Siku ya tatu, huyo! Tukacheka mpaka basi."

Velizar alikuwa ameingia na kuni mikononi. Alisimama karibu na jiko, hakuziweka chini.

Nevenka alisikia tarehe sita Mei, siku ya Mtakatifu Georgi. Ilikuwa siku iliyofuata baada ya mkataba wao mezani. Alisikia saa kumi na moja na nusu, saa ambayo katika nyumba hii mtu mmoja tu huwa macho, uani, akiwapa nguruwe chakula. Kisha akasikia Julai, siku mbili, na akakumbuka kitanda cha hospitali, na mtu mkubwa analia kwa sababu ya kijiwe cha figo, na simu yake iliyoachwa nyumbani juu ya friji.

Hakugeuka. Alimmiminia Tihomir kahawa hadi ikafurika kwenye kisahani.

"Unamjua?" aliuliza Tihomir.

"Simjui," alisema Nevenka.

Kuni zilianguka. Velizar alikuwa mwekundu kuanzia kola hadi masikioni.

"Nilikuwa naangalia bei," alisema.

Bibi Stojanka alimtazama mwanawe, akamtazama mkamwana wake, akafanya ishara ya msalaba.

"Miezi sita?" aliuliza Tihomir. "Bei haijabadilika hata mara moja!"

"Ndiyo maana sikununua."

Tihomir alimtazama. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akaegemea ukuta, akacheka mpaka akavua miwani. "Mke wangu," alisema akijifuta macho, "nitamwambia nini mke wangu? Alikuwa anakupenda!"

Bibi Stojanka ndiye aliyemaliza shauri. Alisema ujima una sharti la pili, na wao hawajawahi kula kwa mtu wasirudishe. Aliuliza mgeni ana kazi gani iliyomshinda. Tihomir alisema ana ghala la chupa elfu nne zilizochanganyika, kubwa na ndogo, vifuniko vyake hajui viko wapi, na yeye ni mtu na mke wake tu, kijana wao yuko Austria.

"Kesho saa mbili," alisema bibi. "Tutakuja watu thelathini. Mkeo apike."

"Na jambo la pili," alisema Nevenka. "Unawalipa wale wa kampuni kiasi gani kwa mwezi, ili wakutafutie wanawake wanaosindika pilipili?"

"Wakati wa msimu? Dinari elfu ishirini na tano. Miezi mingine elfu kumi na mbili."

"Nipe mimi hizo elfu kumi na mbili. Tangazo lako nitaliweka mimi mwenyewe, juu kabisa, liwepo mwezi mzima. Abofye nani, asibofye nani, halikuhusu, halinihusu."

"Kumi," alisema Tihomir.

"Kumi na mbili," alisema bibi, "au sifungui chupa nyingine ya rakija."

Walikwenda Ijumaa, na trekta mbili na gari la padri. Gradimir aliongoza. "Nusu lita kushoto! Lita kulia! Radunka, usisome, panga!" Mke wa Tihomir, mwanamke mdogo mwenye sauti kubwa, alimfuata Velizar siku nzima akimwita Mteja, na jioni akampa chupa moja ya nusu lita imefungwa kwa utepe. Rafu mbili zilikuwa zimelegea. Velizar aliomba mashine ya kuchomea, akazichomea. Tihomir alizitikisa, akasema ziko nyingine kumi na nne, na kwamba atalipa, ila hana haraka na wala si tajiri. Dukani siku iliyofuata Radunka alimpimia Nevenka unga ukazidi, wala hakutaja kidole cha mtu.

Ijumaa hiyo, njiani kurudi kutoka kwa Tihomir, Nevenka na Velizar walikaa nyuma ya trekta, miguu ikining'inia.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Nevenka.

"Ungeniambia niache."

"Ningekwambia uache."

"Sasa?"

Trekta lilipita kwenye shimo, wakashikana ili wasianguke, wakaachana.

"Umetuingizia ngapi, unajua?" alisema Nevenka. "Nimepiga hesabu. Mbofyo mmoja kwa siku, senti tatu, tangu Mei. Euro tano."

"Tano tu?"

"Na senti kumi."

Velizar alifikiri. "Si mbaya," alisema, "kwa mtu mwenye kazi nyingine."

Mia tatu haikufika. Tarehe saba Novemba Nevenka alihesabu mezani, maana mkataba ni mkataba: elfu kumi na mbili za Tihomir, elfu sita za muuza mbegu wa mjini ambaye Nevenka alimwendea mwenyewe kwa miguu, akakaa kwenye kiti cha wateja mpaka muuzaji akakubali. Kwa euro ilikuwa mia moja na hamsini na kitu.

"Nusu," alisema.

"Nusu," alisema Velizar.

"Basi nenda nusu njia ukashuke," alisema Bibi Stojanka. Hakuna aliyecheka, naye hakuwa ametania. Nevenka alipanga begi la bluu: soksi za sufu, chupa mbili za ajvar, vidonge vya figo. Karatasi ya bei aliing'oa mwenyewe. Wakala alikuwa amepiga simu mara mbili kuthibitisha kiti. Velizar alimjibu vizuri, ndiyo, ndiyo, saa kumi na mbili kasorobo, mbele ya duka.

Asubuhi ya Mtakatifu Dimitri kulikuwa na ukungu. Nevenka aliamka, upande wa pili wa kitanda ukiwa baridi. Dirishani aliona begi juu ya benchi, na kando yake mtu ameketi, na mwanga mdogo wa bluu usoni mwake. Alivaa koti juu ya nguo ya kulalia, akatoka.

Velizar alikuwa ameshika simu. Juu kabisa ya Ghala la Nevenka kulikuwa na chupa za nusu lita, vifuniko vyekundu. Alizibofya.

"Haihesabiwi tena hiyo," alisema Nevenka. "Analipa kwa mwezi. Hata ukibofya mpaka Krismasi."

"Najua."

"Sasa?"

Velizar alizibofya tena. Nevenka aliketi upande wa pili wa begi. Chini, mbele ya duka, taa za basi zilitokea kwenye ukungu, zikasimama. Mlango ulifunguka. Dereva alisubiri, kisha akapiga honi mara moja. Akapiga ya pili, ndefu.

Dirisha la juu lilifunguliwa kwa kishindo. "Mwambieni huyo mpumbavu anaamsha kuku!" alifoka Bibi Stojanka, ambaye alikuwa amekaa nyuma ya pazia hilo, amevaa kamili na kilemba kichwani, tangu saa tisa usiku.

Mlango wa basi ukafungwa. Taa zikageuka kwenye kona ya kanisa, zikaondoka bila mtu.

Velizar aliweka simu mfukoni. Alifungua begi, akatoa chupa moja ya ajvar, akampa mkewe airudishe ndani. Kisha akashika ndoo, maana nguruwe walikuwa wanapiga kelele, na walikuwa wamecheleweshewa chakula kwa robo saa nzima.